Matete ya Mama Séraphine

Mama Alphonsine alizamisha mkono majini hadi kwenye kiwiko, akatoa muhogo mmoja, akaunusa, akaurudisha. Akachukua mwingine kutoka upande wa pili. Huo nao ulikuwa umezungukwa na utando wa kijani kama uzi uliojisokota, na harufu yake haikuwa ile harufu kali ya muhogo ulioiva majini, ambayo mwanamke yeyote wa Kalemie angeifurahia. Ulinuka kama samaki aliyesahauliwa juani.

"Tena?" akauliza jirani yake, Mama Lucie, aliyekuwa akifua mashuka juu ya jiwe.

"Tena."

"Basi upike hivyo hivyo, mama. Wakwe wakiuliza, waambie mboga imeisha kuchanganywa humo ndani."

Mama Alphonsine hakucheka. Alivuta kikapu kizima kutoka majini, akakimwaga juu ya mchanga. Kidimbwi hicho kilikuwa karibu na mahali ambapo mto Lubuye unaingia ziwani, na wanawake wa mtaa walikuwa wakiloweka mihogo yao humo tangu wakati wa mama zao. Maji yake yalikuwa yakionyesha kokoto za chini. Sasa aliutumbukiza mkono wake na kuupoteza.

Alikuwa mwanamke anayejulikana kwa unga. Masista walinunua kwake, walimu walinunua kwake, na watu wa meli walipokwenda Kigoma walibeba wa kwake wakisema unga wa mahali pengine unawaumiza tumbo. Lakini safari hii hakuwa anatengeneza unga wa kuuza. Binti yake Emilie alikuwa anaolewa na Florent, kijana wa reli wa kule Kabalo, na wakwe wangefika kwa treni kabla mwezi haujaisha. Katika ukoo wa Mama Alphonsine, bukari ya kwanza, ugali wa muhogo, wanayokula wakwe hutoka kwenye muhogo ambao mama wa bibi arusi ameumenya, ameuloweka, ameuanika na kuutwanga mwenyewe. Wakwe hula kwanza, kisha ndipo humwita binti mtoto wao. Mama yake alifanya hivyo kwa ajili yake. Bibi yake alifanya hivyo kwa ajili ya mama yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutoa unga unaonuka.

*

Jioni alimpikia mumewe unga wa kikapu cha kwanza, ule uliokwisha kukauka. Alifanya makusudi. Papa Siméon alimega tonge, akalitia mdomoni, akaacha kutafuna.

"Hii ni nini?"

"Njo ile tutakayowapa watu wa Kabalo."

Akalitema mkononi. Alikuwa fundi katika karakana ya reli, mtu mpana wa mabega, na hata mezani alivaa firimbi yake shingoni. Ilikuwa miaka ya Salongo: kila Jumamosi asubuhi raia wote walitoka kufanya kazi ya usafi bila malipo, na katika mtaa wao aliyepiga firimbi ya kuanza na ya kumaliza alikuwa Papa Siméon.

"Beseni zako ni chafu," alisema.

"Nimezisugua kwa majivu na mchanga. Papa Emilie, maji imebadilika."

"Maji ya Mungu haibadiliki. Labda mihogo yenyewe ni mibaya. Labda mukono umechoka. Umri unakuja, mama, hata mimi macho yangu…"

"Mukono wangu?" Mama Alphonsine aliuinua mkono wake mbele ya taa, ukiwa mweupe vidoleni kwa miaka mingi ya maji. "Rudia."

Hakurudia. Badala yake alisema unga unaweza kununuliwa kwenye stesheni, unga mzuri wa Niemba, mweupe kabisa, na nani kutoka Kabalo angejua?

"Mimi nitajua."

Emilie, aliyekuwa akisikiliza huku akipiga pasi koti lake la kazi, aliuliza polepole: "Mama, ilianza lini?"

"Ilianza mvua ilipoanza. Mvua ya kwanza baada ya Salongo ile kubwa."

Salongo ile kubwa ilikuwa fahari ya Papa Siméon. Amri ilitoka kwamba matete yote ya ukingoni yakatwe, maana yanaficha mbu, nyoka na mamba. Mitaa mingine ilikata nusu ikachoka. Mtaa wa Papa Siméon ulikata, ukang'oa mizizi kwa majembe, ukachoma. Kisha mteremko ulio juu ya kidimbwi ukagawiwa kuwa mashamba, watu wakapanda kabichi na vitunguu, wakatia mbolea ya ng'ombe walioteremshwa kutoka Pepa kwenda machinjioni. Mkubwa mmoja alikuja kwa gari, akatazama ziwa lote wazi mbele yake, akamshika Papa Siméon mkono mbele ya watu. Picha ilipigwa. Ilikuwa imetundikwa ukutani, juu ya meza ile waliyokuwa wakilia chakula.

Ni mtu mmoja tu aliyekataa. Mama Séraphine, mjane aliyetoka ukingo wa kaskazini pamoja na mume mvuvi, alikuwa na kipande chake cha matete nyuma ya nyumba, chenye kidimbwi kidogo katikati. Alifuma mikeka kwa matete hayo na bata wake walilala ndani yake. Alisimama na panga mkononi akasema atakayekata, akate na yeye. Papa Siméon alipiga firimbi, akamtangaza mbele ya mtaa mzima kuwa mchafu na adui wa maendeleo, akamtoza bata wawili. Kamati ya mtaa ilikula bata hao siku ile ile. Aliyewapika alikuwa Mama Alphonsine.

"Kwa Mama Séraphine maji ikoje?" akauliza Emilie.

"Nani anaenda kwa Mama Séraphine?" akajibu baba yake, akasukuma sahani.

*

Emilie alifanya kazi katika laboratwari ya hospitali. Kwenye karatasi za hospitali aliandikwa kwa jina la ukoo, kama sheria iliyokataza majina ya Kikristo ilivyotaka siku hizo. Emilie lilikuwa jina la nyumbani na la kanisani. Asubuhi alipitia kidimbwini, akajaza chupa ya penisilini. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba ya mjane, akainama kati ya matete, akajaza nyingine huku bata wakimlalamikia.

"Hiyo mikroskopi ni ya damu na mavi," Papa Germain, mkuu wa laboratwari, alimwambia alipoona anachofanya. "Si ya maji ya mihogo."

"Ni dakika kidogo tu, Papa Germain. Wagonjwa wamekwisha."

"Bibi arusi haambiwi kitu." Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyesogea wa kwanza kutazama. Alitazama chupa ya kwanza, akaguna. Alitazama ya pili, akakaa muda mrefu. "Mwite baba yako," alisema.

Papa Siméon alikuja baada ya kazi akiwa amevaa abakosti yake ya kijivu, suti isiyo na tai, kwa kuwa hakuwahi kuingia katika chumba kile ila kwa kutoa damu. Akaketi kwenye kiti kidogo, akafumba jicho moja, akainama.

"Naona manyasi meusi."

"Ni kope zako, Papa. Usikaribie hivyo. Fungua jicho, usilibane."

Emilie alizungusha skurubu kwa vidole viwili, taratibu, bila kutazama, jinsi baba yake mwenyewe alivyokaza valvu ya mashine. Papa Siméon alitambua mkono ule. Kisha mwanga ukasafika na yeye akashika ukingo wa meza.

Katika tone lile palikuwa na vitu kama vipande vya kioo. Vingine vilikuwa virefu na vyembamba kama mitumbwi, vingine vya duara vyenye mistari iliyopangwa sawasawa kuliko kazi ya fundi yeyote. Vilikuwa vya rangi ya dhahabu iliyofifia. Kati yavyo palikuwa na nafasi, na kidudu kimoja kilipita haraka kama mtu mwenye shughuli zake.

"Haya yote iko ndani ya maji?"

"Ndani ya tone moja. Ni mimea, Papa. Midogo hata jicho haliioni. Dagaa wadogo na vidudu wanakula hiyo. Sasa tazama hii ingine."

Akabadilisha kioo. Papa Siméon aliona kijani tupu. Nyuzi juu ya nyuzi, zimefungamana kama nywele zilizokwama kwenye kitana, na mitumbwi ile ya kioo haikuonekana hata mmoja.

"Ile uliyoona kwanza njo ya kwa Mama Séraphine," alisema Emilie. "Hii ni ya kwetu. Ni ziwa moja, lakini wakaaji si wale wale."

"Imeingiaje, hii?"

"Ilikuwako siku zote, kidogo. Matete yalikuwa yanaisumbua. Yalikuwa yanakamata udongo kutoka mulimani, yanakula mbolea mbele maji haijaipata, na yanatia kivuli. Sasa mvua inashusha udongo na samadi ya kabichi moja kwa moja, jua nayo inapiga mchana kutwa. Hii ya kijani imepata chakula na imepata jua. Imefukuza wengine."

Papa Siméon aliinua kichwa. Alama ya duara ilikuwa imebaki kuzunguka jicho lake.

"Kwa hiyo hii njo Salongo yangu," alisema.

Papa Germain alijifanya anaosha vioo. Papa Siméon alipotoka, kwenye korido palikuwa na mtu wa reli anayefahamiana naye, akingoja dawa ya mkewe, akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akajibu kwa sauti iliyofika mwisho wa korido. "Nilikuja kuona kazi ya binti yangu. Anaona vitu ambavyo mimi na wewe tunavikanyaga."

*

Kutazama ni kitu kimoja. Kuomba ni kingine, na siku iliyofuata aliyekwenda kuomba alikuwa Mama Alphonsine. Alimkuta Mama Séraphine akifuma mkeka chini ya paa la jiko lake.

"Hodi, mama."

"Karibu. Bata wamebaki sita. Utachukua wangapi?"

Mama Alphonsine aliimeza hiyo, akaketi chini bila kupewa kigoda.

"Niliwapika, ni kweli. Niliagizwa nikapika."

"Walikuwa na mafuta?"

"Walikuwa na mafuta."

"Afadhali. Niliwalisha vizuri." Mama Séraphine alivuta tete, akalilaza kwenye mkeka. Habari ya mihogo alikuwa ameshaisikia, mtaa mzima ulikuwa umeisikia. "Unataka maji yangu."

"Nataka niloweke mihogo ya mutoto wangu. Mara moja tu. Siwezi kuwapa wakwe uchafu, na siwezi kuwapa unga wa mutu mwingine. We ni mama, unanielewa."

Mjane alifikiri. Hakuwa mwanamke mbaya, ila alikuwa ameitwa mchafu mbele ya watoto waliomwita bibi, na tangu siku ile wengine wao walipita upande wa pili wa njia wakiziba pua kwa mchezo.

"Bata sidai," alisema mwishowe. "Bata wamekwisha kuliwa. Lakini ile firimbi ilinitukana mbele ya mutaa muzima. Ile ile firimbi initengeneze mbele ya mutaa muzima. Hapo ulete mihogo yako, hata lori zima."

*

"Hapana," alisema Papa Siméon.

"Umeona kwa jicho lako mwenyewe."

"Nimeona, na hapa ndani nimekubali. Lakini nisimame mbele ya Ilunga na kamati nzima, niseme tulikosea? Amri haikutoka kwangu. Wataniuliza nimekuwa mukubwa kuliko wakubwa?"

Mama Alphonsine hakubishana. Kesho yake, Ijumaa, alikwenda shambani na shangazi wawili wa Emilie, wakang'oa mihogo yote iliyobaki. Papa Siméon aliporudi kutoka karakana alimkuta ameketi katikati ya uwanja, kisu mkononi, akimenya. Beseni mbili zilikuwa zimejaa. Ya tatu ilikuwa inajaa. Ngozi za mihogo zilifika magotini mwake.

"Unamenya ya nini? Utaitia wapi?"

"Hiyo njo kazi yako kujua."

Alielewa. Muhogo uliomo ardhini unangoja. Muhogo uliomenywa haungoji. Usipotiwa majini, kesho jioni unaanza mistari myeusi, na huo ulikuwa muhogo wa mwisho wa shamba. Akasimama akimwangalia mke wake akiufanya unga wa binti yao usiwe na njia ya kurudi, muhogo kwa muhogo, bila kuharakisha. Alitaka kukasirika. Kitu alichokisikia kifuani kilifanana zaidi na kile alichosikia pale hospitalini, alipoona vidole viwili vikizungusha skurubu.

Akavua koti, akachukua kisu kingine, akaketi. Alimenya vibaya, akiacha nusu ya nyama kwenye ngozi.

"We acha," alisema Mama Alphonsine. "Unaharibu."

Hakuacha.

*

Jumamosi asubuhi firimbi ililia. Watu walitoka na majembe na mafagio, wengine wakipiga miayo. Papa Siméon alisimama kwenye mlango wa Mama Séraphine, na hilo pekee liliwafanya wasogee karibu.

"Sikilizeni," alisema. "Hapa, mbele yenu, nilimuita huyu mama muchafu. Nilipiga firimbi hii. Leo naipiga tena." Akaipuliza kwa nguvu, mpaka bata wakaruka kutoka kwenye matete. "Maji yake ni safi. Yetu inanuka. Nimetazama zote mbili kwa mikroskopi, na aliyenionyesha ni binti yangu. Mama Séraphine hakuwa muchafu. Mimi nilikosea, na ninyi mulinifuata kwa sababu nilikuwa na firimbi."

Mtu mmoja akacheka. Alikuwa mmoja wa wale waliokula bata.

"Na kazi ya leo njo nini, Papa Siméon?"

"Kupanda matete."

Hapo walicheka wote. Mzee mmoja alipiga goti lake. Kijana mmoja akauliza kama wapande na mbu pia, au mbu watakuja wenyewe. Mama Lucie aliuliza mamba wanapandwa kwa mbegu au kwa shina. Papa Siméon alisimama akawaacha wamalize. Masikio yake yalikuwa ya moto, lakini kidevu hakikushuka.

Ilunga, mjumbe wa kamati, hakucheka. Alisogea na kusema kwa sauti ndogo, akimwita raia kwa neno la serikali: "Sitwayeni, amri ya kukata ilitoka juu. Wewe unapanda kwa amri ya nani?"

"Amri ilisema usafi. Nenda unuse kidimbwi, kisha uniambie kama ni safi."

"Firimbi utairudisha."

"Nitairudisha kazi ikiisha. Leo bado Salongo."

Mama Séraphine alikuwa ametoka nje. Aliingia kwenye matete yake na panga, akakata kwa chini kabisa mizizi yenye vichipukizi, akamtupia Papa Siméon fungu la kwanza kifuani, likamchafua fulana yote. Alilibeba hadi kwenye kidimbwi kikubwa, akaingia kwenye utando wa kijani mpaka magotini, akaanza kupanda. Mama Lucie, aliyetania kuliko wote, alifunga kitenge chake na kumfuata, akisema amechoka kufua mashuka yanayotoka machafu kuliko yalivyoingia. Wanawake wengine wanaoloweka mihogo wakaingia nyuma yake. Wanaume wengi walikwenda nyumbani. Wenye mashamba ya kabichi yaliyoishia kando ya maji walinung'unika Papa Siméon alipowaomba waache ukanda wa majani chini ya mashamba yao. Wawili walikubali, wengine wakasema wataona.

Wakati huo huo, kando, Mama Alphonsine na shangazi wa Emilie walikuwa wakipita na beseni vichwani kuelekea nyuma ya nyumba ya mjane. Mihogo ilikuwa bado myeupe.

*

Treni ya Kabalo ilichelewa siku mbili, kama ilivyokuwa desturi yake, na wakwe wakashuka wakiwa na vumbi na njaa. Kufikia hapo unga ulikuwa umekauka juu ya mawe, umetwangwa, umechujwa, umelala kwenye kapu chini ya kitambaa safi.

Aliyewaongoza alikuwa shangazi wa Florent, Mama Odile, mwanamke mkubwa ambaye hakuwa na haraka ya kusifu. Bukari ililetwa mbele yake. Alimega tonge, akaliviringisha kiganjani, akaliminya kwa kidole gumba ili aone kama litapasuka. Halikupasuka. Akalinusa. Mama Alphonsine alikuwa akimtazama kutoka mlango wa jiko.

Mama Odile alikula. Akamega tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Mama Emilie," alisema, "mukono huu umetoka kwa nani?"

"Kwa mama yangu."

"Mama yako alikuwa muntu." Akawageukia watu wake. "Kuleni. Tumepata mutoto."

Vigelegele vikapanda. Emilie, ndani ya chumba, alisikia hayo na akaketi kitandani.

Mama Odile akauliza ni maji gani yanayotoa unga mweupe hivi. Kwao mto Lualaba ni matope matupu. Papa Siméon akasimama. Alikuwa amevaa abakosti ile ya kijivu, na shingoni hapakuwa na kitu. Angeweza kusema maji ya ziwa tu, na isingekuwa uongo.

"Maji ya Mama Séraphine," alisema, akaonyesha kwa mkono mzima. "Yule pale. Katika mutaa huu wote, yeye peke yake alibaki na maji. Mimi nilitaka kumunyanganya, hakukubali."

Mama Séraphine alikuwa ameketishwa upande wa wazee, na sahani yake ilikuwa imeletwa pamoja na ya Mama Odile. Wageni wote walimgeukia. Alitafuna bila haraka, akameza, akajipangusa mdomo.

"Bukari ni nzuri," alisema. "Inakosa bata tu."

Kamati ilitazama chini. Kisha Papa Siméon akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni, na baada yake wengine wote, hata Ilunga, hata wageni ambao hawakujua kinachochekwa. Mama Alphonsine peke yake hakucheka. Alitoka jikoni na sufuria, akapita mbele ya wakwe, mbele ya mumewe, akapiga goti kwa mjane na kumwongezea bukari kwa mikono miwili.